Akaunti Imefutwa, Folda Imebaki: Hatima ya Faili za Mtumiaji Aliyeondolewa Kwenye Kompyuta

Akaunti ya mtumiaji inapofutwa kwenye kompyuta, matokeo huwa ya aina mbili zinazopingana. Kuna wakati nyaraka, picha na barua pepe za aliyeondolewa hutoweka papo hapo, bila hata kupitia pipa la taka. Kuna wakati hazitoweki kabisa: folda yake hubaki pale pale ikiwa imejaza gigabaiti 60 au 80, haifunguki na haifutiki. Ndiyo maana mafundi huletewa malalamiko yanayoonekana kugongana. Huyu anatafuta faili alizodhani zimehifadhiwa. Yule anataka kuondokana na folda aliyodhani ameshaifuta.

Ushauri unaotolewa nao haulingani. Wapo wanaosema akaunti iundwe upya kwa jina lile lile na kila kitu kitarudi. Wapo wanaosema umiliki wa folda uchukuliwe na msimamizi. Wengine hukimbilia programu za kufufua faili kabla hata ya kuangalia kama faili zimefutwa kweli. Kila ushauri una mahali pake, na tatizo ni kwamba hutolewa bila kuuliza kwanza nini hasa kilifutwa. Utata huu umekithiri kwenye Windows, hivyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni ya mfumo huo.

Akaunti ni kitu kimoja, folda ni kingine

Ndani ya Windows, akaunti ni rekodi fupi katika hifadhidata ya usalama iitwayo SAM. Ina jina la mtumiaji, nenosiri lililofichwa kwa hesabu, na namba ya utambulisho iitwayo SID. SID ya kawaida huanza na S-1-5-21, hufuatwa na mafungu matatu marefu ya tarakimu yanayoitambulisha kompyuta, kisha humalizikia na namba ya mtumiaji mwenyewe. Namba 500 ni ya msimamizi anayekuja na mfumo, 501 ni ya mgeni, na watumiaji wa kawaida huanzia 1000 kwenda juu. Jina limewekwa kwa ajili ya binadamu. Mfumo wenyewe hutoa na kunyima ruhusa kwa kuangalia SID.

Folda ya mtumiaji iko kwingine kabisa. Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, hukaa ndani ya C:\Users. Enzi za Windows XP ilikaa ndani ya C:\Documents and Settings. Humo mna nyaraka, picha, vilivyopakuliwa na vilivyowekwa kwenye eneokazi. Mna pia folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambamo programu huweka mambo yake, pamoja na faili iitwayo NTUSER.DAT inayobeba mipangilio ya mtumiaji huyo kwenye rejista.

Kiungo kati ya akaunti na folda ni kumbukumbu iliyo kwenye rejista ya Windows, katika tawi liitwalo ProfileList. Kila SID ina fungu lake hapo, na ndani ya fungu kuna mstari wa ProfileImagePath unaotaja folda ilipo. Kwa hiyo mtumiaji mmoja ana vitu vitatu: rekodi ya akaunti, folda, na kumbukumbu ya kuviunganisha. Mwenye nyumba anayelifuta jina la mpangaji daftarini hajatoa vyombo vilivyomo chumbani, na Windows ndivyo ilivyo. Kufuta kimojawapo kati ya vitatu hakuondoi vingine isipokuwa njia iliyotumika imeagizwa kufanya hivyo.

Kuna jambo moja zaidi linaloeleza nusu ya mkanganyiko wote: SID ikishafutwa haitolewi tena kwenye kompyuta ile. Akaunti mpya ya jina "juma" itapata namba mpya, na mbele ya Windows itakuwa mtu mwingine kabisa aliyegongana jina na wa kwanza.

Njia iliyotumika kufuta ndiyo huamua kilichobaki

Windows ina njia kadhaa za kufuta akaunti, na hazifanyi kazi moja. Hili ni kosa la wabunifu wake zaidi kuliko la watumiaji.

Njia ya zamani ni ya Paneli Dhibiti. Msimamizi anapoagiza akaunti ifutwe, huulizwa achague "Delete Files" au "Keep Files". Akichagua la kwanza, folda nzima hufutwa. Akichagua la pili, Windows huchukua vilivyomo kwenye eneokazi, Nyaraka, Picha, Muziki, Video na Vipendwa, ikaviweka katika folda mpya yenye jina la mtumiaji juu ya eneokazi la msimamizi. Hapo ndipo wengi hukosea njia: huenda kutafuta kwenye C:\Users wakati faili ziko mbele ya macho ya msimamizi aliyefuta. La kuzingatia ni kwamba chaguo hilo haliokoi barua pepe wala mipangilio ya programu. Kilichokuwa AppData hakimo.

Njia mpya ni ya sehemu ya Mipangilio katika Windows 10 na 11. Hapa hakuna swali la kuhifadhi. Kitufe kimeandikwa "Delete account and data", na hufanya hivyo hivyo kilivyoandikwa. Aliyezoea Paneli Dhibiti hubonyeza akitegemea kuulizwa, na haulizwi.

Njia ya tatu ni ya mafundi: dirisha la usimamizi wa watumiaji lililomo kwenye matoleo ya Pro na kuendelea, au amri ya "net user juma /delete". Hii hufuta rekodi ya akaunti tu. Folda hubaki, kumbukumbu ya ProfileList hubaki, na kwenye orodha ya wasifu za watumiaji pale palipokuwa na jina huandikwa "Account Unknown". Folda zinazokutwa zimeachwa yatima kwenye kompyuta za ofisi na za shule mara nyingi zimetokana na njia hii.

Akaunti iliyounganishwa na Microsoft ina utata wake. Kuiondoa kwenye kompyuta hakuifungi akaunti yenyewe kule kwenye mtandao. Mwenyewe ataendelea kuitumia kwenye simu au kompyuta nyingine. Lakini akirejeshwa kwenye kompyuta ile ile, Windows humpa SID mpya, naye huanza na folda tupu.

Folda ipo, haifunguki

Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayotisha zaidi kwa sura. Ujumbe wa kukataliwa ruhusa haumaanishi kwamba faili zimeharibika. Maana yake ni kwamba folda imeandikiwa SID ambayo haina mwenyewe tena. Ukifungua kichupo cha Usalama katika sifa za folda, mahali pa jina utaona mfululizo mrefu wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21: hiyo ndiyo SID ya aliyefutwa.

Hapa mapendekezo yanayoshindana ni matatu.

La kwanza ni kuunda akaunti upya kwa jina lile lile. Linavutia kwa urahisi wake, nalo halifanyi kazi. SID ni mpya, na kwa kuwa folda "juma" tayari ipo, Windows haiitumii. Inatengeneza nyingine pembeni yake kwa jina la mtumiaji likifuatwa na nukta na jina la kompyuta, na ikirudiwa huongeza 000. Matokeo yake ni folda mbili, na mwenye faili anazidi kuchanganyikiwa. Fundi mzoefu anaweza kubadili mstari wa ProfileImagePath ili akaunti mpya ielekezwe kwenye folda ya zamani, lakini lazima abadili pia ruhusa za folda yote na zile zilizo ndani ya NTUSER.DAT. Kazi hiyo ni ndefu, na dosari ndogo huzaa akaunti isiyofungua menyu wala kuhifadhi mipangilio. Faida yake ni kurudisha mazingira ya zamani yalivyokuwa. Kwa anayehitaji nyaraka tu, ni kujisumbua.

Pendekezo la pili ni kuchukua umiliki. Msimamizi ana haki hiyo kisheria ndani ya mfumo, awe anaitumia kupitia dirisha la Usalama au kwa amri za takeown na icacls. Njia hii ni ya uhakika, lakini hubadilisha ruhusa za maelfu ya faili na haina namna rahisi ya kurudi nyuma. Tena ina mtego unaojulikana vizuri na mafundi. Ndani ya AppData\Local kuna kitu kinachoonekana kama folda, kiitwacho Application Data. Ni kiini macho kilichowekwa kwa ajili ya programu za enzi za XP, nacho huelekeza kwenye AppData\Local hiyo hiyo. Microsoft ilikiwekea kizuizi ili mtu asiweze kukiorodhesha. Anayelazimisha ruhusa mpya kwa kila kitu huondoa kizuizi hicho, na kuanzia hapo programu ya kunakili huingia Application Data, ikajikuta AppData\Local, ikaingia tena Application Data, ikizunguka hadi majina ya njia yanapokuwa marefu kupita kiasi. Ukiona kazi ya kunakili gigabaiti 20 imefika gigabaiti 200 na haijaisha, sababu huwa hiyo.

Pendekezo la tatu halitajwi sana ingawa ndilo bora: kunakili bila kugusa ruhusa. Programu ya robocopy imo ndani ya Windows yenyewe. Ikiendeshwa na msimamizi kwa swichi ya /B, husoma faili kwa haki ya kutengeneza nakala ya akiba, haki inayopita juu ya ruhusa za kawaida. Ikiongezewa /XJ huviruka vile viini macho. Folda ya asili hubaki kama ilivyokutwa, jambo lenye uzito mkubwa iwapo baadaye patatokea mgogoro kati ya mwajiri na mfanyakazi kuhusu kilichokuwemo. Ubaya wake ni kwamba mtu lazima aandike amri, na wengi hukwepa dirisha jeusi.

Wanaonakili husahau mara kwa mara kwamba mali ya mtumiaji haiko Nyaraka peke yake. Thunderbird huweka barua ndani ya AppData\Roaming. Outlook ya miaka hii huweka faili za PST ndani ya Nyaraka, lakini matoleo ya kabla ya 2010 yaliziweka AppData. Alamisho za Chrome ziko kwenye faili iitwayo Bookmarks ndani ya AppData\Local. Anayechukua Nyaraka na Picha kisha akafuta vingine hugundua hasara wiki kadhaa baadaye, siku mtu anapouliza barua ya mwaka jana.

Folda imefutwa pamoja na akaunti

Kabla ya kuchimba diski, pana sehemu tatu za kuangalia ambazo hazigharimu chochote. Ya kwanza ni nakala za akiba: Historia ya Faili, diski ya nje, au matoleo ya awali ya folda ya Users, kama ulinzi wa mfumo ulikuwa umewashwa. Izingatiwe kwamba Urejeshaji wa Mfumo, tofauti na jina lake linavyoahidi, haukukusudiwa kurudisha nyaraka za mtu. Ya pili ni folda ya Windows.old, ambayo hubaki kwa siku 10 baada ya toleo jipya la Windows kuwekwa. Ya tatu, na yenye tija zaidi siku hizi, ni wingu.

Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huhamishia Eneokazi, Nyaraka na Picha kwenye OneDrive, mara nyingine bila mtumiaji kutambua vizuri alichokikubali. Akaunti ikifutwa kwenye kompyuta, nakala zilizo kwenye OneDrive haziguswi, na mwenyewe huzipata kwa kuingia kupitia kivinjari. Zikifutwa kule nako, pipa la OneDrive binafsi hukaa nazo siku 30, na la kazini au shuleni hadi siku 93. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba folda iliyobaki kwenye diski inaweza kuwa na majina ya faili tu. OneDrive huacha maganda yanayoonyesha jina na ukubwa huku yaliyomo yakiwa mtandaoni. Kwenye sifa za faili, ukubwa unaweza kusomeka megabaiti 40 na nafasi iliyotumika kwenye diski sifuri. Kuyanakili maganda hayo na kujiona umeokoa kitu ni kosa linalogundulika kwa kuchelewa.

Yote hayo yakishindikana, ndipo hubaki kuchimba diski. Msingi wake ni kwamba mfumo wa faili wa NTFS haufuti yaliyomo. Kila faili ina rekodi, kwa kawaida ya baiti 1024, katika jedwali kuu la faili. Faili inapofutwa, rekodi huwekewa alama kwamba haitumiki na nafasi yake kwenye diski hutangazwa kuwa huru. Data yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za kufufua hupita kwa njia mbili. Baadhi husoma rekodi hizo zilizoachwa, na zikifaulu hurudisha faili na jina lake na folda yake. Nyingine, kama PhotoRec ya Christophe Grenier, hupuuza jedwali na kusaka alama za mwanzo wa faili: PDF huanza na %PDF, faili za docx na xlsx huanza na herufi PK. Njia hii hupata vingi, lakini hupoteza majina, na mtu huachiwa maelfu ya faili zenye namba tupu. Faili iliyotawanyika vipandevipande kwenye diski nayo hutoka imekatika. Microsoft ilitoa chombo chake cha bure, Windows File Recovery, mwaka 2020. Hufanya kazi kwa amri na hulazimisha kilichopatikana kiandikwe kwenye diski nyingine. Sharti hilo la mwisho linafaa kufuatwa kwa programu yoyote ile, kwa kuwa kusakinisha programu ya kufufua kwenye diski ile ile iliyopoteza faili ni kuandika juu ya kile kinachotafutwa.

Tofauti kubwa iko kwenye aina ya diski. Kwa diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, matumaini ni makubwa iwapo kompyuta ilizimwa mapema. Kwa SSD, hali imegeuka. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo hupeleka kwa SSD amri iitwayo TRIM kila faili inapofutwa, kuijulisha kwamba nafasi ile haina kazi tena. Diski hupokea taarifa hiyo na kuisafisha nafasi kwa wakati wake, na nyingi hurudisha sifuri mtu akisoma pale pale baadaye. Jina la faili linaweza kuonekana bado kwenye jedwali, na programu ikaripoti kwa furaha kwamba imepona, lakini ukiifungua haina kitu. Wauzaji wa programu za kufufua hutangaza orodha za majina kama ushahidi wa mafanikio. Kwa SSD, majina hayathibitishi chochote. Kwa kuwa kompyuta mpakato karibu zote zinazouzwa mpya sasa zina SSD, ushauri wa kukimbilia programu hizi umebaki nyuma ya vifaa vyenyewe.

Pale ufunguo ulipofutwa

Ipo hali ambayo folda imesalimika, faili zote zinaonekana, na bado hakuna cha kuokoa. EFS, usimbaji wa faili uliokuja na Windows 2000 na usiokuwemo kwenye matoleo ya Home, hufunga faili kwa ufunguo wa mtumiaji binafsi, na ufunguo huo hulindwa kwa nenosiri lake. Msimamizi akichukua umiliki ataona majina, atanakili, lakini hataweza kusoma. Kama mtumiaji hakuwahi kuhifadhi cheti chake nje ya kompyuta na ofisi haikumweka wakala wa urejeshaji, faili hizo zimekwenda. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari cha Chrome hulindwa kwa mtindo unaofanana na huo, na hayasomeki kwa kuhamisha folda tu.

BitLocker ni jambo jingine, ingawa huchanganywa na EFS. Hufunga diski nzima, haimhusu mtumiaji mmoja, na maadamu kompyuta inawaka na msimamizi anaingia, haizuii urejeshaji. Huwa kikwazo diski inapotolewa na kufungwa kwenye kompyuta nyingine, au inapofunguliwa kwa Linux iliyo kwenye flashi. Hapo utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48.

Kuondoa folda iliyobaki

Kufuta folda iliyoachwa yatima kwa kitufe cha Delete ndani ya C:\Users ndiko kunakojitokeza kwanza akilini. Mara nyingi hukwama kwa sababu za ruhusa, kwa faili zinazotumika, au kwa njia zinazozidi herufi 260 ambazo programu za zamani za Windows hazizimudu. Hata kukifaulu, kumbukumbu ya ProfileList hubaki ikielekeza kwenye folda isiyokuwepo. Kwa akaunti iliyofutwa kabisa huo ni uchafu usio na madhara makubwa. Kwa akaunti ya mtandao wa ofisi, ambayo SID yake hutoka kwenye seva, madhara yapo: mfanyakazi akirudi kuingia kwenye kompyuta ile, Windows huona kumbukumbu bila folda na kumpa wasifu wa muda. Kila atakachohifadhi humo hufutika anapotoka.

Njia safi ni kupitia sifa za mfumo, sehemu ya mipangilio ya hali ya juu, orodha ya wasifu za watumiaji. Kuchagua "Account Unknown" na kuifuta pale huondoa folda na kumbukumbu kwa pamoja. Wenye kompyuta nyingi hutumia PowerShell na kitu kiitwacho Win32_UserProfile kufanya hivyo hivyo kwa mafungu, na ofisi zenye seva zinaweza kuweka sera inayofuta wasifu zisizotumika kwa siku kadhaa kila kompyuta inapowashwa. Sera hiyo ni nzuri kwa maabara za shule, lakini ni hatari kwa kompyuta ambamo watu bado huweka kazi zao kwenye eneokazi.

Kama orodha haina kitu na folda bado ipo, basi kumbukumbu ilishaondolewa na hakuna kizuizi cha kuchukua umiliki na kufuta moja kwa moja. Hapo mtego wa Application Data hauna madhara, mradi amri inayotumika ni rd ya Windows yenyewe, ambayo hukiondoa kiini macho bila kukifuata ndani.

Kwenye macOS na Linux

Apple imelimaliza suala hili kwa usafi zaidi. Mtumiaji anapofutwa, macOS hutoa machaguo matatu: kuhifadhi folda yake kama faili moja ya picha ya diski ndani ya Deleted Users, kuiacha ilivyo huku ikiongezewa alama kwamba mwenyewe amefutwa, au kuifuta. Folda iliyoachwa ikirudishiwa jina lake la awali, na akaunti mpya ikaundwa kwa jina hilo, mfumo huuliza kama uitumie. Kile ambacho Windows hukikataa, macOS hukikaribisha.

Kwenye Linux chaguo-msingi ni la hadhari: userdel huacha folda ndani ya /home, na huifuta pale tu ikiongezewa -r. Debian na Ubuntu zina deluser, ambayo inaweza kufunga faili katika kifurushi kabla ya kuziondoa. Lakini Linux ina hatari iliyo kinyume kabisa na ya Windows. Namba za watumiaji, zinazoanzia 1000, zinaweza kutumika tena. Aliyefutwa akiwa ndiye wa mwisho mwenye namba 1003, mtumiaji mpya anaweza kupewa 1003 hiyo hiyo, na papo hapo akawa mmiliki wa kila faili iliyoachwa nje ya folda ya nyumbani. Kwa urejeshaji hilo ni neema, kwa sababu kuunda akaunti kwa namba ya zamani kunarudisha umiliki wote. Kwa usiri ni pengo, na amri ya find yenye -nouser inapaswa kuendeshwa kabla mtu mpya hajaingizwa.

Kufufua kilichofutwa kwenye ext4 ni kugumu kuliko kwenye NTFS, kwani mfumo hufuta pia ramani ya vipande vya faili. Hata hivyo Ubuntu kwa kawaida huiendesha TRIM mara moja kwa wiki badala ya papo hapo, na kuna dirisha dogo la matumaini hapo katikati.

Kufuta mapema au kusubiri

Nyuma ya maswali ya kiufundi kuna mvutano wa kiutawala. Wanaotaka folda ifutwe mara moja wana hoja tatu: nafasi, usiri na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa za mtu zisiwekwe kwa muda kupita lengo lililozikusanyia. Folda ya mfanyakazi aliyeondoka miaka mitatu iliyopita, ikiwa na nakala za vitambulisho vya wateja, ni mzigo wa kisheria. Hali ni mbaya zaidi kompyuta inapouzwa: kufuta akaunti kisha kuipeleka sokoni kunamwachia mnunuzi diski inayochimbika, hasa ikiwa ni ya sahani.

Wanaotaka kusubiri nao wanaeleweka. Umuhimu wa faili haujulikani siku mtu anapoondoka. Hujulikana siku mkaguzi anapouliza. Kampuni kubwa za huduma za ofisi zimekubali hoja hii na kuweka muda wa neema: mtumiaji aliyefutwa kwenye Microsoft 365 anaweza kurejeshwa ndani ya siku 30, na kwenye Google Workspace ndani ya siku 20. Seva ya Active Directory, ile inayotunza akaunti za mtandao wa ofisi, ikiwa pipa lake limewashwa, kwa kawaida huweza kurudisha akaunti kwa siku 180 ikiwa na SID yake ile ile, na folda zote zikafunguka kama hakukutokea kitu. Kompyuta isiyo na seva haina neema hiyo. Duka, zahanati au shule yenye kompyuta mbili tatu ndiyo iliyo katika hatari kubwa, na ndiyo isiyo na fundi wa kudumu.

Njia ipi ifuatwe

Kati ya mapendekezo yote, kuunda akaunti upya ndiko kunakostahili kuachwa kwenye Windows; akaunti ya seva nayo hurejeshwa kutoka kwenye pipa lake, haiundwi upya. Folda ikiwepo, robocopy kwa haki ya akiba ndiyo njia ya kwanza na kuchukua umiliki ni ya pili. Nakala ihakikiwe kwa kufungua faili kadhaa, zikiwemo za AppData, ndipo folda iondolewe kupitia orodha ya wasifu. Folda isipokuwepo, wingu na nakala za akiba zitangulie. Kuchimba diski kuna maana kwenye diski ya sahani. Kwenye SSD ya kompyuta iliyoendelea kutumika, pesa za kununulia programu hiyo zina kazi nyingine.

Kuhusu muda, kusubiri kwa kikomo kunashinda kufuta papo hapo na kunashinda kuacha milele. Mtumiaji wa kompyuta isiyo na seva anapoondoka, akaunti yake izimwe kwa amri ya "net user juma /active:no", na ofisi ijiwekee tarehe ya kufuta, siku 30 au 90, iliyoandikwa mahali panapoonekana. Akaunti iliyozimwa hurudishwa kwa kuandika "yes" mahali pa "no". Amri ya kufuta haina kinyume chake.